Bao la Namua na Bao la Mbili Mbili: Barua kwa Mwana wa Kaka Yangu

Matiri, Mbinga

Mwanangu mpendwa,

Baba yako amemaliza palizi, mikahawa imebeba vizuri, na babu yako bado anaiuguza hasira ya Krismasi. Kila akipita mtu kibarazani anamsimulia: mjukuu wangu nimemsomesha, amekwenda Dar es Salaam, amerudi kuniambia bao ninalocheza miaka yote hii ni bao la watoto.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unataka niamue lipi ndilo bao hasa, hili la kwetu la kuanza na mbili mbili, au la namua ulilofundishwa huko. Tena umenichekesha uliposema kwamba hosteli mna ugomvi wa ukoo huohuo kila Jumamosi juu ya Dungeons & Dragons: nusu wanataka toleo la tatu, nusu la tano, na dadu zinakaa mezani hazirushwi mpaka saa nne usiku. Jibu fupi lingeniletea kesi na baba yangu mzazi, kwa hiyo nakuandikia refu. Umsomee na huyo rafiki yako anayejiita msimamizi wa hadithi.

Tuanze na lisilo na ubishi. Ubao ni uleule: safu nne, mashimo manane kila safu, mashimo 32 kwa jumla. Kete ni 64, kila mchezaji 32. Zinazoliwa ni za safu ya mbele, zikikutana na yako iliyoangukia penye kete. Ukila unazirudisha kwenye kichwa chako, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele, na kuzitembeza. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Safu yako ya mbele ikikauka, umefungwa. Hayo hata babu yako na fundi wako wa Dar wangekubaliana bila kuinua sauti.

Wanapoachana ni mwanzoni. Kwetu unaweka mbili kila shimo, mkononi habaki nazo mtu, mnaanza. Kwenye namua kila mmoja anaweka kete sita katika nyumba, yaani shimo la tano la safu ya mbele ukihesabu kutoka kushoto kwako, lile ambalo mafundi hulichonga mraba, kisha mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia. Kumi zimekaa ubaoni, 22 ziko mkononi, na kila zamu unaingiza moja. Mkono ukiisha ndipo mnaingia kwenye mtaji, mnatembeza zilizomo ubaoni tu.

Sasa chukua ubao uweke mbele yako, maana hili halieleweki kwa maneno matupu. Tazama zamu ya kwanza peke yake.

Panga mbili mbili. Chota mbili za kichwa cha kushoto, peleka kulia. Ya mwisho inaangukia shimo la tatu lenye kete, na ng'ambo yake kuna mbili za mwenzio: umekula. Zirudishe kichwani, zitembeze. Ya mwisho inaangukia shimo la pili, na ng'ambo yake kuna mbili: umekula tena. Shimo la pili ni kimbi, yaani jirani wa kichwa, kwa hiyo unaanzia kichwa kilekile, unaishia palepale kwenye la pili. Safari hii ng'ambo ni tupu, basi unazoa tano zilizojaa hapo na kuendelea mpaka la saba. Umekula mara ya tatu. Mwenzio hajagusa ubao, tayari amepoteza kete sita, na mkono wako bado haujalala! Babu yako anaujua mwendo huo usingizini. Anajua na mingine, na anajua kila mmoja unaishia wapi. Mgeni akikaa mbele yake akamwachia kuanza, mchezo umekwisha kabla kahawa haijapoa.

Panga sasa namua. Anayeanza hana cha kula. Mashimo yake matatu yenye kete, la tano, la sita na la saba, yanatazamana na matupu ya mwenzio, kwa sababu mwenzio naye amepanga kwa kushoto kwake. Lazima atakate, yaani atembeze bila kula. Nyumba haiguswi wakati kuna mashimo mengine yenye kete, basi limebaki la sita au la saba. Akiingiza moja la sita na kuelekea kushoto, anaipitia nyumba yake na kuacha kete moja katika shimo la nne, uso kwa uso na nyumba ya adui, na nyingine la tatu. Mwenzio anaingiza moja, anakula. Akielekea kulia anajificha pembeni na safu ya nyuma, salama, lakini hajajenga kitu katikati. Hebu ona, kete moja tu imeingia na tayari mtu anapaswa kujiuliza yeye ni mchezaji wa namna gani.

Hiyo ndiyo tofauti niionayo mimi. Bao la kwetu linakupa mali yote siku ya kwanza na kukuuliza unajua kuhesabu kiasi gani. La namua linakupa kidogo kidogo na kukuuliza unajua kungoja kiasi gani.

Na nyumba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Krismasi mlipigiana kelele mkalipita jambo lenyewe. Wakati nyumba haijaguswa na ina kete sita au zaidi, kete yako ya mwisho ikiangukia humo katika mwendo wa kula na hakuna cha kula pale, una hiari: ulale hapo, au uende safari, uizoe yote uitembeze. Ukienda safari mara moja, umebomoa. Shimo linabaki shimo kama mengine, hata likijaa tena. Kwa hiyo wachezaji wawili wazuri wanaweza kukaa muda mrefu kila mmoja akinenepesha nyumba yake, kumi, kumi na mbili, akijua kwamba siku ya kuondoka itapeleka kete mpaka nyuma na kuzunguka, na akijua vilevile kwamba mwenzio akipata njia ya kuila nyumba ikiwa imejaa, hakuna mtaji utakaomwokoa. Bao la mbili mbili halina kitu cha namna hiyo. Halina mahali pa kuweka akiba, wala halina lile swali la kwamba akiba inakuwa mzigo lini. Nimemwambia babu yako hivyo mchana kweupe. Hakunijibu, akaomba chumvi.

Lakini na wewe sikia upande wa pili, kwa sababu uliusemea vibaya.

Bao la kwetu halihitaji fundi seremala. Watoto wanachimba mashimo ardhini chini ya mwembe, wanaokota vijiwe, wanacheza. Mvua ikinyesha ubao umekufa, kesho wanachimba mwingine. Hakuna cha kuficha mkononi, kwa hiyo wanaotazama wote wanaona sawa na wachezaji, na wote wanasema, jambo ambalo wewe unalichukia na mimi nalipenda. Mchezo unakwisha haraka na watu sita wanapata zamu kabla jua halijazama. Nilipokuwa nafundisha hesabu darasa la tatu, niliwakaza watoto kwa bao hilihili: mwenye kete saba katika shimo la pili akizitembeza ataishia wapi? Mtoto aliyeweza kuijibu bila kugusa ubao hakunisumbua tena na kujumlisha.

Kisha kuna hili, ambalo nadhani ndilo linalomuuma mzee ingawa hajui kulisema. Bao la namua likimaliza kete za mkononi, linageuka kuwa nini? Mtaji. Na mtaji ndio babu yako aliokula nao maisha yake yote. Siku mlipocheza namua naye kwa kulazimishwa, ulimshinda mara mbili wakati kete bado zikiwa mkononi. Mara ya tatu alijikongoja mpaka mkono ukaisha, na tangu hapo hukuona mlango. Ulisema alibahatisha. Bao halina dadu, mwanangu. Halibahatishwi.

Upungufu wetu siufichi: anayeanza ana nguvu kupita kiasi. Kwa hiyo kibarazani kwetu aliyefungwa ndiye anayeanza mchezo unaofuata, na wawili wakitaka kujua mbabe ni nani lazima kila mmoja aanze mara zinazolingana. Ni dawa ya nje, si ya ndani ya mchezo. Waliobuni namua walitibu ugonjwa wenyewe.

Turudi kwenye neno la kweli, maana ulilisema mara nyingi. Ni nani aliyekuambia la namua ndilo la kweli? Ulinionyesha simu. Programu imeandika kanuni, imelipa jina la Bao la Kiswahili, na hili la mbili mbili imeliita bao la kujifunza, ukaona mambo yamekwisha. Lakini jiulize kanuni hizo zilifikaje kwenye simu. Mwingereza H. J. R. Murray alipotoa kitabu chake kikubwa cha michezo ya ubao mwaka 1952, bao liliingia humo pamoja na ndugu zake wengi wa Afrika. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mafundi wa Zanzibar, akaandika tasnifu yake ya udaktari juu ya ustadi wao, ikatoka Leiden mwaka 1995. Baada ya hapo watu wa kompyuta wakapata kanuni zilizonyooka za kuwafundishia mashine. Kazi nzuri, na nawashukuru, maana walimsikiliza fundi na kumwandika. Ila hakuna kati yao aliyekuja kibarazani kwetu. Bao la Zanzibar lilipata karatasi, la kwetu likabaki mdomoni, na leo kijana wa Matiri anadhani lililoandikwa ndilo lililozaliwa kwanza.

Tazama majirani. Wasukuma wana isolo, mashimo manane kwa safu nne kama yetu. Waganda wana omweso, ubao uleule na kete 64 zilezile, lakini wao wakila wanazoa mashimo yote mawili ya mpinzani, la mbele na la nyuma. Wajaluo wana ajua, safu mbili tu. Ng'ambo ya ziwa letu, Malawi, wanaliita bawo, na mtu akishuka Mbamba Bay na mzigo wake wa usipa anaweza kukaa na mwenyeji wakacheza, baada ya kuulizana maswali mawili matatu. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyengoja ruhusa ya Unguja. Na Muyaka wa Mombasa, aliyetunga shairi juu ya bao katika karne ya 19, hakuwa akitangaza kanuni kwa ajili yetu Wamatengo.

Sisemi kwamba yote ni sawa. Hiyo ni tabia ya watu wanaoogopa kuudhi. Nasema tu kwamba ubora wa bao utauona ubaoni, katika zamu ya kwanza na katika nyumba kama nilivyokuonyesha. Kuandikwa hakumo.

Sasa majoka yenu. Kile kitabu ulichokiacha hapa nimekisoma jioni jioni, na mengine nimeyatafuta, maana intaneti imefika hata Matiri. Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo huo Marekani mwaka 1974, vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000. Toleo la tatu likaja mwaka 2000, likarekebishwa mwaka 2003. La nne mwaka 2008. La tano mwaka 2014, na mwaka 2024 vitabu vyake vikaandikwa upya. Bao halina mwenye hati. Mchezo wenu unaye: kampuni inachapa, inauza, na ikitoa toleo jipya inaacha kuchapa la zamani. Ningetegemea basi kwamba mwenye mali akisema basi, imekuwa basi. Kumbe haikuwa hivyo! Toleo la nne lilipowachukiza wengi, kampuni nyingine, Paizo, ilichukua kanuni za toleo la tatu zilizokuwa na leseni huria, ikatoa Pathfinder mwaka 2009, na watu wakaendelea kucheza walichokipenda kwa jina jingine. Januari 2023, habari zilipovuja kwamba leseni hiyo inataka kubadilishwa, wachezaji walipiga kelele mpaka kampuni ikarudi nyuma na kuziachia kanuni za msingi za toleo la tano zitumiwe na yeyote. Wenye kibaraza walimshinda mwenye duka. Babu yako nilipomsimulia hilo, ndipo kwa mara ya kwanza aliposema mchezo wenu huenda una maana.

Wewe unatetea toleo la tatu. Umenieleza sababu: kila jambo lina kanuni yake, unajumlisha hiki na kile, na mtu aliyesoma vizuri anaweza kutengeneza mhusika hodari kabla hajafika mezani. La tano unalidharau kwa kuwa limepunguza hesabu. Mtu akiwa na nafasi nzuri anarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa, basi. Sasa sikia. Babu yako naye anafika kibarazani mchezo ukiwa umekwishapikwa nyumbani, mianzo yote kichwani, na hilo ndilo ulilomwitia mtoto. Jumamosi unamsifu mchezaji anayeshinda kwa maandalizi, Krismasi unamcheka. Chagua moja, au nyamazia yote mawili.

Kama ningekuwa mezani kwenu, ningechagua la tano. Kundi lenu lina watu wapya kila muhula, wengine hawana fedha ya vitabu wala usiku wa kuvisoma, na mchezo unaomshinda mgeni saa ya kwanza utabaki na wenyewe wanne wanaobishana. Toleo la tatu mlicheze ninyi wanne, siku nyingine. Sioni kwa nini hilo liwe vita.

Na kwa bao, hukumu yangu ni hii, mpelekee na baba yako: la namua ni kubwa kuliko la mbili mbili. Linaanza kwa haki, lina nyumba, na lina michezo miwili ndani ya mmoja. Wawili wanaojua, wenye jioni nzima, wacheze namua. Ila la mbili mbili si la watoto. Ni nusu ya pili ya mchezo wenu, imetolewa peke yake na kuchezwa kwa kasi, na mtu asiyeijua nusu hiyo ni mshindi wa nusu ya kwanza tu, kama ulivyojionea mwenyewe. Mtoto nitamfundisha la kwetu kwanza, kisha namua.

Jambo moja la kushika, kwa bao na kwa dadu. Ukikaa na mtu usiyemjua, ulizeni kabla ya kete ya kwanza: tunaanzaje, nyumba inalala au hailali, mwendo usiokwisha tunaufanyaje, kutakasia, yaani kumzuia mwenzio asilitakate shimo lake lililo hatarini, tunakufuata au hatukufuati. Nimeona marafiki wakigombana mwezi mzima kwa swali ambalo lingeulizwa kwa pumzi moja. Mafundi huulizana bila aibu. Wanaojifunza ndio huona haya kuuliza, wakadhani wataonekana hawajui.

Uje mwezi wa sita, tutakuwa tunachuma kahawa na mikono haitoshi. Lami imefika, huna kisingizio cha barabara. Jioni utamfundisha babu yako namua polepole, bila neno watoto kinywani, naye atakufundisha mtaji. Amekubali, alisema atafikiri, na mzee yule akisema atafikiri amekubali. Uwaulize pia hao wa majoka kama kuna mmoja angependa kuja. Chumba kipo, na dadu zake alete.

Ukipita Kariakoo ninunulie komwe za kuchezea, nzuri, zilizokauka. Zinatakiwa 64, lete 80, maana watoto wa hapa watazipoteza. Hizi tunazotumia sasa ni vijiwe, na babu yako analalamika kwamba vinamkwaruza vidole.

Wako,
Shangazi